Uzi wa Kioo Upimao Joto

Mtu asiye na ugonjwa, joto la mwili wake ni kadiri ya digrii 37. Likizidi digrii mbili tu, huitwa homa, naye hulala kitandani akitetemeka. Basi ni ajabu kusikia ya kwamba madaktari humtia mgonjwa joto kwa makusudi, tena joto kubwa kuliko la homa yo yote, ili kumponya. Lakini ndivyo wafanyavyo katika hospitali nyingi wakipigana na saratani.

Saratani nyingi huanza kuwa uvimbe, kwa sababu chembe ndogo za mwili zimeacha kufuata kanuni ya kukua, nazo huongezeka bila kiasi. Pengine uvimbe huota ndani ya ini, mahali ambapo kuukata kwa kisu ni hatari. Hapo daktari hutwaa sindano ndefu, huipitisha katika ngozi mpaka ncha yake ifike katikati ya uvimbe, kisha hupeleka joto kwa njia ya sindano hiyo. Joto hilo hutoka katika umeme, au katika mawimbi ya namna ile ile yatumiwayo katika majiko ya umeme ya kupashia chakula, au katika nuru kali iitwayo leza.

Shida yote i katika kiasi. Chembe zikikaa saa nzima katika joto la digrii 43, nyingi hufa. Katika digrii 50 hufa kwa dakika chache. Zikipita 60 hufa karibu mara moja, kama ute wa yai ugandavyo katika maji ya moto usirudie tena hali yake ya kwanza. Lakini joto likifika digrii 100, maji yaliyomo mwilini hugeuka mvuke, na nyama iliyo karibu na sindano huungua ikawa kama makaa. Umeme haupiti vema katika makaa yale, kwa hiyo joto halifiki mbali. Katikati pameungua kupita kiasi, na ukingoni chembe zingali hai. Baada ya miezi kadhaa uvimbe huota tena.

Wala joto halienei sawasawa. Ndani ya ini imo mishipa mikubwa ya damu, na damu ipitayo huchukua joto ikaenda nalo, kama maji ya mto yapoozavyo jiwe lililochomwa na jua. Upande mmoja wa uvimbe waweza kuiva na upande wa pili ukabaki mbichi. Tena jirani ya ini yako matumbo na mfuko wa nyongo, ambavyo havifai kuguswa na moto hata kidogo. Daktari hana budi kujua joto la kila mahali, naye hawezi kuliona kwa macho.

Kipo kipima-joto kidogo cha siku nyingi, kilichofanywa kwa nyuzi mbili za madini mbalimbali zilizounganishwa nchani. Ni kizuri, na bei yake si kubwa. Lakini kikiwekwa penye mawimbi yale, madini yenyewe huyanasa mawimbi yakapata moto, na kipimo hutoa hesabu ya uongo. Shahidi wa namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa shahidi. Kioo hakina kosa hilo, maana umeme haupiti ndani yake.

Mwaka 1842 Daniel Colladon, mtaalamu wa Geneva, alieleza jinsi nuru iingiayo katika mchirizi wa maji inavyofuata maji hata yanapopinda. Nuru hufuata uzi wa kioo vivyo hivyo. Mwaka 1966 Charles Kao alionyesha ya kuwa uzi wa kioo kisicho na taka waweza kuchukua habari mbali sana. Na nyuzi za namna hiyo, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Unene wa uzi mmoja ni kama sehemu moja ya nane ya milimita.

Mwaka 1978 Kenneth Hill na wenzake, huko Ottawa katika Kanada, waligundua ya kuwa nuru kali yaweza kuacha ndani ya uzi mistari myembamba mno, iliyopangwa kwa nafasi sawa. Mistari hiyo hurudisha rangi moja tu ya nuru na kuziacha nyingine zipite. Kioo kikipata joto, rangi irudishwayo hubadilika kidogo. Jicho haliwezi kuona badiliko hilo, bali chombo huliona na kulihesabu kuwa digrii. Katika uzi mmoja mafungu mengi ya mistari yaweza kuandikwa, kila fungu na rangi yake, na kila moja likajibu kwa ajili ya mahali pake, kama kengele za sauti mbalimbali zilizofungwa katika kamba moja.

Lakini uzi nao una udhaifu wake. Ukivutwa, rangi hubadilika kana kwamba umepata joto. Na ini husogea kila mgonjwa avutapo pumzi. Kwa hiyo huwekwa ndani ya kijineli chembamba, usivutwe. Uko na uzi wa namna nyingine, wenye dawa ing'aayo nchani. Dawa ikimulikwa hung'aa, kisha mng'ao hufifia. Na kadiri joto lilivyo kubwa ndivyo unavyofifia upesi. Uzi huo umetumiwa kwa wagonjwa tangu miaka ya 1980, ila hupima mahali pamoja tu.

Nyuzi zenye mistari zimejaribiwa sana huko Roma na Milano, katika Italia, kwa maini ya nguruwe. Huko Milano wataalamu waliunganisha uzi na mashine ya leza. Joto la mahali palipochaguliwa lilipofika mpaka uliowekwa, mashine ilifunga nuru yenyewe. Liliposhuka, ikaifungua tena. Mkono wa mtu haukuigusa.