Friji Inayotuma Meseji

Chanjo huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi hupoteza nguvu, na zile za pepopunda na homa ya ini B zikiganda hazifai tena. Muuguzi aliyefunga zahanati Ijumaa jioni atajuaje kwamba Jumamosi umeme ulikatika usiku kucha? Intaneti vijijini husuasua, lakini meseji hupenya.

Kifaa ninachokiunganisha mimi kina bodi ya Arduino Uno, moduli ya simu ya SIM800L yenye laini, na kihisi cha DS18B20 ndani ya bomba la chuma. Kihisi hicho, kwenye baridi ya friji, hakikosei zaidi ya nusu nyuzi. Waya wake wa data uunganishwe na wa umeme kwa rezista ya ohm 4,700, la sivyo kitanyamaza. Na kisining'inizwe hewani: kitumbukize kwenye kichupa cha glaikoli, kisije kikashtuka kila mlango unapofunguliwa.

Wengi hukwama kwenye umeme. SIM800L hutaka volti 3.4 hadi 4.4, na inapowasiliana na mnara huweza kuvuta ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Pini ya Arduino haiwezi mzigo huo. Moduli itajizima na kujiwasha mpaka uchoke. Ipe betri ya lithiamu ya volti 3.7, Arduino nayo iwe na betri yake ya akiba, kisha unganisha nyaya hasi za pande zote. Kifaa kinachozimika pamoja na friji ni pambo tu.

Upande wa programu, amri ya AT+CMGF=1 huchagua meseji za maandishi, na AT+CMGS hubeba namba ya mpokeaji. Ukisoma 85, usikimbilie zahanati: hiyo ndiyo namba ambayo kihisi huwa nayo kinapowashwa, kabla hakijapima. Maktaba ya programu ya DallasTemperature, inayosoma kihisi hicho, ikileta −127, kagua waya.

Meseji ya tahadhari peke yake haitoshi. Salio likiisha, kimya cha kifaa kitafanana na usalama. Kwa hiyo kitume meseji kila asubuhi, hata mambo yakiwa shwari, kwa muuguzi na msimamizi wake. Isipofika, mtu aende kutazama.

Kabla hujanunua, hakikisha mtandao wa eneo lako bado una 2G, maana SIM800L haifanyi kazi kwenye 3G wala 4G.