Kitovu Kiko Wapi?

Pembetatu yenye ncha A(2, 1), B(5, 1) na C(5, 3) ilitakiwa izungushwe nyuzi 90 kinyume cha mwendo wa saa, kitovu kikiwa (0, 0). Kijana wa Kidato cha Pili aliigeuza palepale ilipokuwa, akampelekea babu yake daftari. Mzee, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, alivua miwani, akaivaa tena.

"Nani kakwambia umbo huzunguka palepale?"

"Si ndiyo kuzunguka, babu? Mbona gurudumu..."

"Gurudumu! Miaka yote ya kufundisha nimesumbuliwa na gurudumu hilo. Kwa kuwa lina kitovu katikati yake, mkadhani kila umbo limebeba kitovu tumboni. Swali limekupa kitovu. Umekisoma?"

Kijana alikuwa amekiruka.

"Ndivyo watu wanavyotia saini mikataba ya mikopo. Hawasomi, kisha wanalia. Haya, shika bikari. Ichomeke kwenye (0, 0), nje ya pembetatu. Piga mstari kutoka kitovu hadi A. Huo ndio unaogeuka: urefu haubadiliki, pembe ni nyuzi 90. A inaangukia (−1, 2). Sasa B. Kutoka kitovu! Urefu uleule, nyuzi zilezile."

"(−1, 5). Na C ni (−3, 5). Lakini babu, B imesafiri mbali kuliko A. Pembe itakuwaje moja?"

Mzee alikuwa akilingojea swali hilo.

"Dunia hugeuka takriban nyuzi 15 kila saa. Mtu wa Nanyuki, jirani na ikweta, hubebwa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Wa Oslo, kwenye latitudo ya nyuzi 60 hivi, hubebwa nusu ya hizo. Pembe ni ileile. Aliye mbali na mhimili ndiye mwenye safari ndefu. Wala asijivune, hakujibeba mwenyewe."

"Shuleni tumepewa kanuni: (x, y) inakuwa (−y, x)."

"Kanuni ya kweli, kwa kitovu (0, 0) na kwa nyuzi 90 za upande huo. Kitovu kikihama, utaikariri kwa nani? Unganisha A na ilipoangukia. Katikati ya mstari huo, simamisha mwingine wa pembe mraba. Fanya vivyo hivyo kwa B. Inakutana wapi?"

Kijana alipiga mistari, akairefusha kwa rula. "Kwenye (0, 0)."

"Hata kama ningekuficha kitovu, ungekipata. Sasa weka kitovu kwenye A. Nyuzi 90 zilezile."

"A inabaki, maana haina umbali wa kwenda. B inapanda hadi (2, 4)." Alisita, akahesabu miraba. "C ni (0, 4)."

Mzee aliichukua bikari, akapima C mwenyewe.