Fumbo la Mungu Halipigiwi Ramli

Huko Isimila, karibu na mji wa Iringa, zimejaa zana za mawe za watu wa kale. Wataalamu walizichimbua mwaka 1957 na 1958. Kwanza zilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 60,000 hivi. Vipimo vya baadaye vikaonyesha zaidi ya miaka 200,000. Kadhalika Kimondo cha Mbozi, jirani na Mbeya: siku kilipoanguka haijulikani, lakini twajua kuwa ni chuma na nikeli. Mambo ya namna hii mwanadamu huyafahamu kidogo kidogo kwa kupima na kusoma. Mzazi Mkristo asiogope mwanawe akimletea habari hizo kutoka shuleni. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulifundisha mwaka 1870 kwamba imani na akili haziwezi kupingana, kwa maana zote mbili zatoka kwa Mungu mmoja.

Fumbo la Mungu ni jambo jingine. Si swali lingojalo kipimo kipya, bali ni ukweli uizidio akili yetu, hata baada ya kufunuliwa. Ni kama jua: twaona kwa nuru yake, ila hatuwezi kulikazia macho.

Tumtazame Ayubu. Rafiki zake walidai kuijua sababu ya mateso yake: lazima ametenda dhambi. Mungu hakumweleza Ayubu sababu. Alimwuliza alikuwa wapi dunia ilipowekewa misingi. Lakini waliokemewa kwa ukali ni wale rafiki waliojifanya wanajua.

Somo hili latuhusu sana sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Mtoto akifa ghafula, daktari huweza kutaja ugonjwa, lakini mama huuliza, "Kwa nini mwanangu?" Hapo ndipo mpiga ramli hujitokeza kuuza jibu: humtaja jirani, au shangazi, au kikongwe asiye na mtetezi. Uchungu wa nyumba moja hugeuka uadui wa kijiji kizima, na pengine damu humwagika. Twasema wazi: amtuhumuye mwenziwe kwa neno la ramli arudia kosa la rafiki za Ayubu, tena kwa ubaya zaidi.

Basi, enyi wazazi, msione haya kuwaambia watoto wenu, "Hilo hatulijui, Mungu analijua." Nendeni msibani, kaeni na wafiwa, salini nao. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku zile saba walizokaa naye chini, kimya. Walikosa walipoanza kueleza.