Ufadhili wa Utafiti Baada ya Uzamivu

Swali: Nimemaliza shahada ya uzamivu katika nadharia ya siasa, kuhusu haki ya ardhi. Niombe vipi ufadhili wa utafiti? – Msomaji, Tiwi, Kwale

Jibu: Ndugu msomaji, usipeleke muhtasari wa tasnifu. Wafadhili wanataka kujua kazi inayofuata. Lijenge ombi juu ya swali moja la nadharia, ulijibu kwa ushahidi ulio jirani nawe. Mathalani, ibara ya 63 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatambua ardhi ya jamii: je, jamii ni nani, na nani huisemea? Makaya (misitu mitakatifu) ya Wamijikenda, yaliyotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, yanafundisha mengi kuhusu mamlaka ya wazee. Yajadili sambamba na Locke na Nyerere, yasiwe pambo tu.

Kisha tafuta mwenyeji: mwandikie barua fupi msomi ambaye kazi yake umeisoma, iwe Makerere, Dar es Salaam au ng'ambo. Watakaokuandikia barua za mapendekezo wape rasimu mapema. Kagua masharti vizuri, maana wafadhili wengi huhesabu miaka tangu ulipohitimu. Usingoje tasnifu iwe kitabu. Omba mwaka huu.