Dawa Mbili Ndooni Si Nguvu Maradufu

Barua tano zimeuliza jambo moja kwa maneno tofauti, basi nazijibu pamoja kwanza; maswali mengine yanafuata.

Nikichanganya jiki na limau, au jiki na haidrojeni peroksaidi, si nitaua hata vijidudu sugu majini?

Hapana. Acheni leo hii. Asidi ya limau ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu. Peroksaidi na klorini iliyomo kwenye jiki huangamizana: hubaki chumvi, maji na oksijeni, vijidudu vikiwa hai. Anayewauzia chupa ya "mseto" anacheza na roho za watu.

Najua uvumi huu ulikoanzia. Mitambo mikubwa ya maji kweli huweza kutumia dawa mbili dhidi ya spora, yaani bakteria aliyejifungia ndani ya magamba magumu na kulala humo miaka. Lakini dawa hizo hupokezana zamu. Ozoni hutangulia na kubomoa magamba. Ikishaisha nguvu, klorini huingia palipobomoka. Kwa mpangilio huo spora hufa nyingi kuliko ambazo kila dawa ingeua peke yake ukajumlisha. Tena ozoni haidumu majini, kwa hiyo klorini ndiyo hubaki kuyalinda mabombani. Zikitiwa kwa pamoja, zinamalizana zenyewe kabla hazijamgusa adui. Siri ni zamu, kipimo na muda, na ndoo ya nyumbani haina hata kimoja cha kusimamia hayo.

Kuchemsha kunaua spora?

Si zote. Mwanasayansi John Tyndall alilionyesha hilo mwaka 1877: alichemsha, akasubiri spora zichipue, akachemsha tena. Hospitali hutumia mvuke wa nyuzi 121 chini ya shinikizo, kwa dakika 15 au zaidi. Lakini vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu havina spora. Maji ya kunywa yakitokota sawasawa, vinakufa.

Klorini ikizidishwa, si itaua kila kitu?

Mwaka 1993 mjini Milwaukee, Marekani, maji yalikuwa na klorini, na bado watu wapatao 403,000 waliugua. Kimelea aitwaye Cryptosporidium, mwenye ganda gumu, alipenya kwenye machujio. Klorini haifanyi kazi ya chujio.

Maji yetu ni ya mto, yana tope. Niongeze matone?

Tope hula klorini na kuvificha vijidudu. Tuliza maji kwanza kwa shabu au mbegu za mlonge, yachuje kwa kitambaa safi, kisha tia dawa ya maji kama kibandiko kinavyoelekeza. Subiri dakika 30. Mlonge peke yake hautoshi, hata mganga aapeje.

Dawa ya maji iliyopitwa na muda?

Usiitumie.

Mwanangu anaharisha. Nimwongezee klorini kwenye maji yake?

Usithubutu. Mpe maji yenye chumvi maalumu ya pakiti, kidogo kidogo, mfululizo, huku ukimpeleka zahanati. Macho yakidumbukia au akishindwa kunywa, usingoje kukuche.