Maonyesho ya Sayansi ya Wanafunzi: Kikundi Kinaweza Kusaidia Namna Gani?



Katika vikundi vingi, mwanafunzi akija kuomba nauli ya kwenda kwenye maonyesho ya sayansi, mambo huwa hivi: mwenyekiti anauliza hicho ni kitu gani, mwekahazina anasema hakuna fungu la pesa za namna hiyo, na mtoto anaambiwa arudi mkutano ujao. Mkutano ujao ukifika, maonyesho yamekwisha. Somo hili litawasaidia kujua jambo lenyewe, mpate kuamua mkiwa mnaelewa, na mkiweza muanze mapema kabla mtoto hajaja kubisha hodi.

Someni pamoja, na mwenye kusoma asome polepole.

MAONYESHO HAYA NI NINI?

Wazee wengi wanayakumbuka kwa jina la Kongresi ya Sayansi. Siku hizi yanaitwa Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya. Wanafunzi wa sekondari hutafuta swali au shida, huifanyia uchunguzi, huandika waliyoyaona, kisha husimama mbele ya meza yao na kuwaeleza majaji. Mradi mmoja hufanywa na mwanafunzi mmoja au wawili, si zaidi. Wanaanzia shuleni, wanaoshinda wanakwenda kaunti ndogo, halafu kaunti, halafu mkoa, na wachache sana wanafika maonyesho ya taifa. Miradi imegawanywa kwa mafungu: kilimo, kemia, fizikia, hesabu, mazingira, nishati, uhandisi, vyakula, kompyuta na mengine.

Majaji wanatazama mambo matatu: maandishi, maelezo ya mdomo, na fikira ya kisayansi iliyomo katika kazi. Hilo la tatu ndilo zito. Watu wengi hufikiri mshindi ni mwenye mashine inayowaka taa nyingi. Sivyo. Mtoto anaweza kuwa na chupa tatu na daftari tu, akamshinda mwenye mashine, kwa sababu yeye anajua kwa nini alifanya alivyofanya na mwenzake hajui.

"HAYO NI MAMBO YA SHULE KUBWA"

Maneno haya tunayasikia kila mahali. Basi tutazame shule moja.

Katika eneo la Njoro, Kaunti ya Nakuru, kuna kijiji kinaitwa Pwani (ni jina tu, bahari haiko karibu). Hapo ipo Shule ya Sekondari ya Keriko, shule ya kutwa ya wavulana na wasichana. Wanafunzi wengi wanatoka katika nyumba maskini, na wengine ni mayatima. Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alikuwa akifundisha hesabu na fizikia hapo, na shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Alikuza kilabu cha sayansi. Mwaka 2018 wanafunzi wake walifika maonyesho ya taifa na kifaa cha kumsaidia asiyeona au asiyesikia kupima vitu. Kundi la hesabu lilistahili kushiriki maonyesho ya kimataifa ya mwaka 2019 kule Arizona, Marekani. Wengine wa shule hiyo walipata tuzo ya Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kwa kazi ya kutoa umeme kwa mimea ya pale kwao. Machi 2019 Ndugu Tabichi mwenyewe alipewa huko Dubai Tuzo ya Mwalimu Bora wa Dunia, ya dola milioni moja.

Hatusemi kila kijiji kitafika Arizona. Tunasema Keriko haikungoja maabara kubwa ndipo ianze.

KAZI YA KIKUNDI NI IPI?

Msaada wa kwanza wa kikundi ni SHIDA. Ndiyo, shida. Mtoto wa shule anaweza kukaa wiki nzima akitafuta mradi katika vitabu vya miaka iliyopita, na nyumbani mama yake anatupa mahindi yaliyoota kuvu. Ninyi mnazijua shida za kijiji kuliko mwalimu aliyehamishiwa hapa juzi. Mwalikeni mwalimu wa sayansi pamoja na wanafunzi wachache mkutanoni, muwaambie: kisima kinakauka mwezi fulani, kuku wanakufa msimu fulani, kuni zimekuwa mbali. Wao wachague.

Msaada wa pili ni vitu: mahali pa kufanyia jaribio, mizani, turubai, madebe. Wa tatu ni pesa kidogo. Wa nne ni masikio, na huu tutauzungumzia mbele.

Kuna jambo moja ambalo si kazi ya kikundi, nalo ni kumfanyia mtoto mradi wake. Fundi wa jua kali ambaye ni mwanachama wenu anaweza kumwonyesha mtoto jinsi ya kulehemu, lakini asimtengenezee mashine usiku halafu mtoto aibebe asubuhi. Jaji atamwuliza, "Kwa nini ulitumia bomba la ukubwa huu?" Mtoto atatazama chini. Tumeona watoto wakitoka machozi mbele ya meza nzuri sana zilizotengenezwa na watu wazima. Ni aibu waliyobebeshwa na sisi.

MFANO: MAHINDI YAMEKAUKA AU BADO?

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Vikundi vingi vinaweka mahindi pamoja, kwa hiyo unawahusu.

Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na majirani zao, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, na 125 walikufa. Sumu hiyo hutokana na kuvu, na kuvu hustawi mahindi yakiwekwa yakiwa na unyevu. Kipimo cha kuhifadhi mahindi hapa Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wengi wetu tunapima kwa kuuma punje kwa meno. Je, meno yanatosha?

Wanafunzi wawili wanaweza kuuliza hivi: mahindi yakianikwa chini kwenye udongo, juu ya turubai, na juu ya kichanja cha waya, ni yapi yatakauka upesi? Hilo ni swali zuri, kwa sababu linaweza kujibiwa kwa kupima. "Jinsi ya kumaliza njaa Kenya" si swali la mradi, ni hotuba.

Kikundi kinawaazima gunia moja la kilo 90, mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa, ya shamba moja na siku moja. Wanaligawa mafungu tisa ya kilo 10: matatu chini, matatu kwenye turubai, matatu kichanjani. Kwa nini matatu na si moja moja? Kwa sababu fungu moja linaweza kunyolewa na kuku, au kukaa kivulini bila mtu kutambua. Mafungu matatu yakisema neno moja, tunaanza kuamini. Yote yawe na unene sawa, yageuzwe mara sawa kwa siku, yafunikwe saa ile ile jioni. Kila kitu kiwe sawa isipokuwa mahali yalipoanikwa tu. Hapo ndipo penye sayansi yenyewe, na majaji watauliza hapo hapo.

Kila jioni wanapima uzito. (Ya chini yapepetwe udongo kwanza, la sivyo mtapima mchanga.) Hesabu yake ni hii. Kilo 10 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 2 za maji, na kilo 8 ni mahindi makavu kabisa. Zile kilo 8 hazipungui. Mahindi hayo yakifika asilimia 13.5 yatakuwa na uzito wa kilo 9 na robo hivi. Kwa hiyo fungu linalofika kilo 9 na robo liko tayari, na lenye kilo 9 na nusu bado. Ili kujua unyevu wa mwanzo, pelekeni kiasi kidogo penye mashine ya kupimia, kama ghala la Halmashauri ya Nafaka na Mazao au chama cha ushirika kilicho nayo. Mkipata si asilimia 20, wanafunzi wafanye hesabu upya kwa kipimo chao.

Kisha wajaribu njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko kinachobana. Tia mahindi mpaka theluthi moja. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri. Funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15. Isipogandamana, yako chini ya 15. Angalieni: chini ya 15 si lazima iwe 13.5, kwa hiyo hata chumvi ikianguka vizuri, yaanikeni tena. Mahindi ya chupa yasitolewe katika zile kilo 10, uzito utaharibika. Yaanikwe kando kwa njia ile ile.

Sasa wanafunzi wana namna mbili za kupima, uzito na chumvi, na wanaweza kuzilinganisha. Wamwite na bibi mwenye meno ya kuuma punje, aseme kila jioni kama yamekauka kabla hajaonyeshwa mizani. Huenda bibi akawashinda! Lolote watakaloona waliandike.

Onyo mbili. Wanafunzi wasikuze kuvu kwa makusudi wala wasishike mahindi yaliyooza ili "kuona sumu". Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kuikuza nyumbani ni hatari. Pili, chupa ya chumvi inapima unyevu tu. Haiwezi kusema mahindi hayana sumu. Mtu asije akala mahindi yenye kuvu kwa sababu chumvi haikugandamana.

DAFTARI

Kila siku yaandikwe: tarehe, saa, hali ya jua, uzito, nani alipima. Ikinyesha mvua mkasahau kufunika, andikeni hivyo. Daftari lenye madoa ya tope na siku mbaya humfanya jaji aamini kuliko lile lililoandikwa upya usiku mmoja kwa kalamu moja. Mwekahazina anayeweka vitabu vya kikundi anaweza kuwafundisha wanafunzi nidhamu hii. Ni ile ile: hakuna kufuta, unapiga mstari na kuandika juu.

KUPIMA MASIKIO KIJIJINI

Wiki moja kabla ya maonyesho, wanafunzi waje kikundini waeleze mradi wao kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani. Mtoto aliyekariri kwa Kiingereza atakwama, na heri akwame kwenu kuliko mbele ya jaji. Ulizeni maswali ya kweli: Mlijuaje? Kama jua lingekuwa kali zaidi? Waya huo ni bei gani, na sisi tutaupata wapi? Msiwacheke, wala msiwasifu tu. Na ikiwa ni mvulana na msichana, hakikisheni msichana anajibu pia. Tabia ya kumwacha abebe mbao za maonyesho na mwenzake aseme yote iko, tusijidanganye.

PESA

Mara nyingi maonyesho ya kwanza huwa katika muhula wa kwanza, wakati karo imebana kila nyumba. Kwa hiyo pesa ziwekwe mwaka uliotangulia, hata kama kila mwanachama atatoa kidogo sana. Mwulizeni mwalimu mkuu shule inalipa nini, ili msilipe mara mbili. Yanayobaki huwa ni nauli, mbao za kubandikia maandishi, kuchapisha, na chakula cha njiani. Risiti ziletwe. Amueni mapema pia: mtoto akipita mpaka mkoa, ambako ni mbali na huenda kuna kulala, kikundi kitafika wapi? Msingoje ashinde ndipo mgombane.

Maonyesho yakiletwa katika shule ya karibu nanyi, hiyo ni nafasi nyingine. Watahitajika watu wa kupika, maji ya kunywa, meza, na walinzi wa usiku, kwa maana miradi huachwa ukumbini na kitu kikipotea mtoto hana la kuonyesha asubuhi. Vikundi vya akina mama wanaweza kuomba kazi ya chakula kwa malipo. Nendeni kwa mwalimu mkuu mapema na bei iliyoandikwa.

Miradi mingi huishia kaunti ndogo. Ndivyo mashindano yalivyo. Wanafunzi wenu wakirudi bila cheti, bado kikundi kina daftari linaloonyesha kichanja kilikausha kwa siku ngapi na turubai kwa siku ngapi, katika kijiji chenu, kwa jua lenu. Waiteni walisome mkutanoni kabla ya mavuno.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

Ni shida gani tatu za kijiji chetu zinazoweza kupimwa kwa mizani, saa, futi au kwa kuhesabu?

Nani kati yetu ana ujuzi au chombo anachoweza kumwazima mwanafunzi bila kumfanyia kazi?

Mahindi tuliyoweka sasa, nani aliyapima, na kwa njia gani?

Nani atakwenda kumwona mwalimu wa sayansi, na siku gani? Liandikwe jina lake katika kumbukumbu za leo.