Kulala Mzima, Kuamka Miguu Haina Nguvu: Ugonjwa wa Konzo na Muhogo Mchungu

Utangulizi

Mtu analala usiku akiwa mzima. Alfajiri anataka kuondoka kitandani, anakanyaga chini, na miguu inatetemeka, inakakamaa na kushindwa kumbeba. Hana homa, hakuanguka wala hakuumwa na nyoka. Baada ya siku chache ugonjwa hauendelei tena, lakini pia hauondoki. Mgonjwa huenda akatembea kwa ncha za vidole, akahitaji fimbo moja au mbili, au asiweze kabisa kutembea maisha yake yote. Wengine hupatwa na hali hiyo mchana, baada ya mwendo mrefu au kazi nzito.

Jambo kama hili linapotokea bila sababu ya kuonekana, ni rahisi kwa majirani kumtafuta mchawi. Sayansi haina budi kuuliza maswali mengine: Ni sehemu gani ya mwili iliyoharibika? Ni nani wanaopatwa, na ni nani wasiopatwa? Walikula nini majuma yaliyotangulia? Makala haya yanaeleza jinsi maswali hayo yalivyoufichua ugonjwa uitwao konzo, na kwa nini maji na muda vinatosha kuuzuia.

Dalili zinatuambia nini?

Misuli ya miguu huamrishwa kwa njia yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni seli za neva zinazotoka katika ubongo na kushuka hadi uti wa mgongo. Tuziite neva za juu. Sehemu ya pili ni zile zinazotoka katika uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Tuziite neva za chini.

Mganga akigonga polepole kano iliyo chini ya pia ya goti la mtu aliyeketi huku miguu ikining'inia, mguu huruka mbele kidogo. Taarifa ya pigo imekwenda hadi uti wa mgongo na kurudi kwenye misuli bila kungoja amri ya ubongo. Kazi mojawapo ya neva za juu ni kulizuia tendo hilo lisipite kiasi.

Sasa tulinganishe magonjwa mawili. Polio huharibu neva za chini. Aghalabu hutanguliwa na homa, mguu mmoja huathirika kuliko mwingine, misuli hulegea na kudhoofika, na goti likigongwa mguu haujibu. Katika konzo mambo ni kinyume. Miguu yote miwili huathirika kwa usawa, misuli hukakamaa, na goti likigongwa mguu huruka kupita kiasi. Kwa hiyo misuli yenyewe na neva za chini ni nzima. Zilizoharibika ni neva za juu. Kiharusi nacho huweza kudhuru neva za juu, lakini kwa kawaida hupiga upande mmoja wa mwili.

Hapa lazima tutoe onyo. Udhaifu wa ghafla wa miguu una sababu nyingi, na baadhi yake zinahitaji matibabu ya haraka sana. Yeyote anayepatwa nao apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kutambua konzo ni kazi ya mganga, si ya mwanafunzi wala ya jirani.

Ugonjwa ulivyochunguzwa

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alichapisha maelezo ya ugonjwa huu kutoka eneo la Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji. Jina konzo ni la lugha ya Wayaka wa huko, na maana yake ni miguu iliyofungwa.

Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na ugonjwa wa namna hiyo katika mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ambako uliitwa mantakassa. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Miongoni mwa waliouchunguza walikuwa madaktari Julie Cliff na Hans Rosling. Kisha, mwaka 1985, ulizuka nchini Tanzania katika wilaya ya Tarime, nako baada ya ukame. Wachunguzi, wakiwemo William Howlett, Nicholas Mlingi na Rosling, walieleza habari za wagonjwa 39. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa wengine walipatikana katika mikoa ya kusini ya Tanzania. Ugonjwa huu umeonekana pia katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kameruni na Angola, na Kongo ndiyo nchi iliyoathirika zaidi.

Mambo matatu yalijirudia kila mahali. Kwanza, ugonjwa ulizuka vijijini, kwa watu maskini ambao chakula chao karibu chote kilikuwa muhogo mchungu. Pili, waliopatwa zaidi walikuwa watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na wanawake wa umri wa kuzaa. Watoto wa chini ya miaka miwili, ambao bado wananyonya, hawakupatwa ila kwa nadra sana. Tatu, damu na mkojo wa wakazi ulikuwa na kiasi kikubwa cha thiosianati. Dutu hii hutengenezwa na mwili unapopambana na sianidi. Dalili zote zilielekeza kwenye chungu cha chakula.

Sumu inatoka wapi?

Muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16. Mizizi na majani yake yana dutu iitwayo linamarini, ambayo ni nyingi zaidi katika muhogo mchungu. Ndani ya mmea huohuo kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Katika seli nzima vitu hivi viwili havikutani: linamarini imo katika kiowevu cha ndani ya seli, na linamarasi imo katika ukuta wa seli.

Seli inapopasuka, vitu hivyo hukutana, na linamarini huvunjika kuwa glukosi, asetoni na sianidi ya haidrojeni. Hii ya mwisho ni sumu kali, lakini ina tabia moja inayotufaa: huchemka katika nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Maana yake ni kwamba mahali penye joto na upepo huruka hewani kwa urahisi.

Hapo tunapata kanuni ya kushangaza kidogo. Muhogo mchungu unakuwa salama pale sumu inapoachiliwa mapema, kabla ya kupikwa. Mtu akichemsha mizizi mizima ya muhogo mchungu, joto huharibu kimeng'enya, na linamarini nyingi hubaki humo. Akikata vipande vikubwa na kuvianika tu, seli nyingi hukauka bila kupasuka, na sumu hubaki vilevile. Hii ndiyo sababu kisamvu hutwangwa vizuri kabla ya kupikwa. Kinu hupasua seli, na moto humaliza kazi.

Mwili unavyojikinga

Mwili una njia yake ya kuondoa sianidi. Kimeng'enya kiitwacho rodanesi, kilichopo hasa katika ini, huunganisha sianidi na salfa na kuigeuza kuwa thiosianati. Dutu hii haina ukali mwingi, nayo hutoka kwa mkojo.

Salfa hiyo hutoka katika protini, hususan asidi amino mbili ziitwazo methionini na sisteini. Hizo hupatikana katika samaki, nyama, mayai na maziwa, na kwa kiasi fulani katika nafaka na jamii ya kunde. Muhogo wenyewe una protini kidogo sana. Basi mtu anayekula ugali wa muhogo mchungu usioandaliwa vema, bila dagaa wala maharage, anaongeza sumu na papo hapo anakosa cha kuiondolea. Majuma kadhaa ya hali hiyo yanaweza kuzidhuru neva za juu. Namna hasa madhara hayo yanavyotokea ndani ya seli bado inachunguzwa.

Kwa hiyo neno ghafla linahitaji kufikiriwa. Mtungi unaojazwa tone kwa tone humwagika kwa tone moja, lakini si tone hilo peke yake lililoujaza. Asubuhi ile ambayo miguu inakataa kusimama ni siku ugonjwa ulipoonekana. Maandalizi yake yalianza siku nyingi kabla.

Kwa nini watu hufupisha maandalizi?

Wakulima wanaujua uchungu wa muhogo wao, na tangu zamani wana njia za kuuondoa. Wanaupanda kwa sababu nzuri. Unastahimili ukame, hukaa ardhini muda mrefu, na wanyama waharibifu na wezi hawaupendi. Ukame unapokuja, mahindi na maharage hufa, na muhogo peke yake hubaki. Lakini ukame huohuo huongeza linamarini katika mizizi, hukausha visima na mito ya kulowekea, na huleta njaa isiyoweza kungoja.

Njaa si sababu pekee. Katika eneo la Bandundu nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, barabara mpya ya kwenda Kinshasa iliongeza biashara ya muhogo. Ili kuwahi soko, muda wa kuloweka ulipunguzwa kutoka siku tatu hadi moja tu, na watafiti walihusisha kuzuka kwa konzo na ufupisho huo.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hata hivyo tusiwalaumu akina mama. Haraka hii hailetwi na uvivu. Huletwa na njaa, vita au soko. Anayetaka kuzuia konzo hana budi kufikiria pia umbali wa maji, akiba ya chakula na bei ya mazao.

Kinga

Konzo haina dawa ya kurudisha neva zilizokufa. Mazoezi, fimbo na viatu maalumu humsaidia mgonjwa, lakini kinga ndiyo silaha kubwa. Njia zifuatazo zinafaa:

1. Kumenya mizizi na kuiloweka majini siku tatu au zaidi hadi ilainike, kisha kuianika. Vijidudu vya uchachu hulainisha seli, na sumu hutoka.

2. Kukwaruza au kuponda mizizi mibichi, kuiacha ichachuke, kisha kuikausha.

3. Kuvundika. Katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania, muhogo uliovundikwa na kukaushwa huitwa udaga. Kwa kawaida njia hii hupunguza sumu kuliko kuanika tu.

4. Kulowanisha unga. Njia hii ilibuniwa na Howard Bradbury na wenzake nchini Australia, kwa ajili ya unga uliokwisha kusagwa. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, na huachwa juani saa mbili au kivulini saa tano. Kimeng'enya kilichosalia katika unga huivunja linamarini, na gesi huruka. Kisha unga husongwa ugali siku hiyo hiyo. Sumu hupungua mara tatu hadi sita. Njia hii ilifundishwa kwa akina mama wa kijiji kimoja cha wilaya ya Popokabaka, katika Kwango ileile ya Trolli, kuanzia mwaka 2010, na katika muda wa utafiti hakupatikana mgonjwa mpya.

5. Kuchanganya vyakula, hasa kuongeza protini.

Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kila kilo.

Kazi ya darasani

Chukueni bakuli lenye kuta zilizosimama wima, unga mkavu wa muhogo na maji. Fanyeni kazi mahali pa wazi, na mtu yeyote asionje unga.

Jazeni unga hadi nusu ya bakuli, usawazisheni, na wekeni alama ya kimo chake ukutani. Ongezeni maji kidogo kidogo huku mkikoroga. Mtaona kwamba kimo cha unga kwanza kinashuka, kisha kinapanda. Kinapofika tena kwenye alama, maji yametosha. Alama hiyo humwezesha mama aliyeko jikoni kupima maji bila mizani. Pimeni ujazo wa maji mliyotumia, na mjadili kwa nini kimo kilishuka kwanza.

Maswali

1. Kwa nini kugonga goti husaidia kutofautisha konzo na polio?

2. Watoto wanaonyonya karibu hawapatwi na konzo. Eleza jinsi jambo hilo linavyoelekeza kwenye chakula.

3. Kwa nini kuchemsha mizizi mizima ya muhogo mchungu hakutoshi kuondoa sumu, ilhali joto huirusha sianidi ya haidrojeni?

4. Unga fulani una miligramu 50 za sianidi kwa kilo. Mtu akila gramu 400 kwa siku, anapata miligramu ngapi? Kulowanisha kukipunguza sumu hiyo mara tano, atapata ngapi, na unga utakuwa umefikia kiwango kilichopendekezwa?

5. Waulizeni wazee wa kijijini kwenu wanavyoandaa muhogo mchungu, na kila hatua inachukua muda gani. Kwa kila hatua, elezeni kama inapasua seli, inaruhusu sumu itoke, au inakausha tu.